Kanda ya Nne ya Binti Mfalme Kisimani

Msimu ule wa kahawa Mbinga haikupitika. Ruksa ya biashara huria ilikwisha kuwa ruksa kweli: wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na pikapu zao, maduka yakajaa khanga na redio za Kijapani, na mtu uliyemwona asubuhi ameinama chini ya gunia la kahawa ulimkuta mchana na redio kaseti begani, mkewe nyuma amevaa sweta jipya. Vumbi jekundu lilipanda. Spika zilishindana kupiga kelele. Pembeni mwa stendi, kwenye banda la bati lililopakwa rangi ya kijani, Urbani Ndunguru alikuwa akirekodi kanda.

Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kadeti imepigwa pasi ikanyooka, shati la drafti, na penseli ya kurudishia kanda imechomekwa nyuma ya sikio. Siku hiyo spika yake ilikuwa ikiimba wimbo wa wapendanao wawili kutoka mchezo wa *Binti Mfalme Kisimani*. Ndipo aliposimama mbele yake dada mmoja aliyevaa gauni la bluu lenye ukosi mweupe, amejifunga sweta la kuazima mabegani kwa baridi. Ukimwona mtu anatetemeka hivyo Mbinga, jua ametoka ziwani.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, dada, karibu. Nikupe nini? Kwaya, dansi, taarabu?"

"Nipe hicho kinachoimba."

Uso wa Urbani ulichangamka. "Binti Mfalme! Unataka ipi? Ya kwanza, ya pili au ya tatu?"

"Kwani zina tofauti?" aliuliza dada yule, huku akijua vizuri sana.

Kwa asiyeujua mchezo ule, nieleze kidogo. Aliutunga mwalimu mmoja wa muziki wa misheni, miaka thelathini na zaidi iliyopita, kwa ajili ya sherehe ya kufunga shule. Binti mfalme amechoka na wachumba wanaopanga foleni, anabadilishana nguo na mtumishi wake, anakwenda kisimani na mtungi. Huko anakutana na mpiga zumari, wanapendana, mfalme anawaka hasira, jeshi linaimba, mwisho ni harusi. Maneno yote yanaimbwa, na nyimbo zake zinayumba kwa mapigo matatu matatu hadi hata padre mzee anajikuta akitikisa bega. Mimi nimeusikia mara nyingi kuliko hotuba zote nilizowahi kukalishwa kusikiliza, na bado sijauchoka.

"Tofauti ipo, tena kubwa," Urbani alisema, akivuta kigoda. "Kaa. Ya kwanza ilitoka kwenye santuri ya wanachuo wa ualimu. Ina fidla na kinanda cha kupuliza. Yule binti anapanda juu, juu, halafu anakaa huko kama hana haja ya kushuka. Ya pili wameimba watu wa ziwani, kwa ngoma na makofi tu. Ya tatu ni ya Songea, ina kinanda cha umeme. Inakimbia kidogo, lakini zumari lake, dada, utalia."

"Mimi naona ya pili ndiyo bora," dada alisema. "Kwenye ya kwanza wanaimba vizuri mno. Kila mmoja anajisikiliza mwenyewe. Ya ziwani wanasikilizana. Wale wanawake wa kisimani unawasikia kabisa kuwa wamewahi kubeba maji."

Urbani akapunguza sauti ya spika. Tangu afungue banda hakuwahi kupata mteja wa kumjibu namna ile. "Hilo umesema kweli," alikiri. "Makofi yale hata mimi nayapenda. Tatizo la ya pili ni mfalme. Sauti anayo, sikatai. Lakini anaimba kama mtu anayefukuza nyani shambani."

"Huyo mfalme unamfahamu?"

"Hapana."

"Ni baba yangu."

Urbani alibonyeza kitufe kisichohusika na spika ikazima. Watu wawili stendi waligeuka kutazama kimetokea nini.

"Mpelekee shikamoo yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Dada akacheka, cheko refu lililomtoka tumboni. "Itafika. Na ya nyani itafika pia. Naitwa Mwalimu Edina, nafundisha Mbamba Bay. Hapa nimekuja semina."

Mpaka semina inakwisha, Edina alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kila jioni. Walisikiliza wimbo mmoja katika kanda zote tatu, wakarudisha nyuma, wakabishana, wakarudisha tena. Urbani alimwonyesha namna ya kusikiliza vya nyuma ya waimbaji: mvua iliyopiga bati siku ya santuri, mtoto aliyekohoa ziwani, kiti kilicholia Songea. Edina naye alimwonyesha kwamba binti wa kanda ya tatu, anapomkana mpiga zumari mbele ya mfalme, sauti inamtetemeka kwa makusudi. Urbani alikuwa akidhani ni kanda iliyolegea. Walisifiana masikio, na mtu akianza kukusifu masikio, macho hayako mbali.

Baadaye zikafuata simu. Mbamba Bay simu ilikuwa moja ya posta, na Mbinga opereta alikuwa Kalista, dada mwenye moyo mzuri na masikio marefu.

"Mbamba Bay, zungumza. Mbinga yuko hewani."

"Mwalimu wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na wimbo wako kichwani. Watoto nimewafundisha hesabu kwa mapigo matatu."

"Nimekukumbuka, kipenzi. Banda zima linakuulizia."

"Banda au mwenye banda?"

"Mwenye banda hali, halali."

"Muongo! Juzi umesema umekula makande sahani mbili. Halafu sema taratibu, Kalista anasikia."

"Sisikii," alisema Kalista.

Mapenzi ni kikohozi, na kikohozi hiki kilipita kwenye waya wa posta, kwa hiyo mji mzima uliambukizwa habari. Urbani akaona heri ateremke mwenyewe kujitambulisha. Alipanda lori la mahindi, akashuka milima ile hadi ziwa likatokea chini, jeupe kwa jua, na joto likamvua sweta. Mzee Cleopa, baba yake Edina, mvuvi na mzee wa kanisa la Anglikana, alikuwa uani akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa nyani?"

"Ndiye mimi, mzee," Urbani alijibu, akichuchumaa hadi magoti yakagusa mchanga.

Mzee aliweka wavu chini, akasimama, akauimba wimbo wa mfalme kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ilitoka kifuani, nene na tulivu, ikajaza ua, na wachuuzi wa dagaa njiani wakasimama na beseni zao kichwani. Urbani alisikiliza mdomo wazi. Pale ndipo alipoelewa kwamba kosa halikuwa la mfalme hata kidogo. Kinasa sauti kilikuwa kidogo, na kilishindwa kumbeba.

"Nimekosa, mzee," alisema. "Nimekosa sana."

"Najua," Mzee Cleopa alijibu, akakaa. "Edina, mletee mgeni samaki wetu wa mbasa. Ukatoliki wake tutaujadili na mchungaji."

Ikakubaliwa kwamba kahawa ikishauzwa, Bernadi, mjomba wake Urbani, atateremka kama mshenga na jembe jipya la posa, siku ya Jumapili. Edina alinunua kitenge cha njano cha kuvaa siku hiyo. Mbele za watu alijidai hana haraka, lakini kitenge alikijaribu mara nyingi kiasi kwamba kilianza kupoteza wanga.

Wiki moja kabla ya posa, Urbani alimtumia zawadi kwa dereva wa lori: kanda yenye wimbo wa wapendanao kutoka katika kanda zote tatu, mmoja baada ya mwingine, ili ukoo mzima usikie na kulinganisha. Jambo moja wateja wa Urbani walilijua na Edina hakulijua. Wanawake ambao waume zao walikwenda kutafuta maisha mbali, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, walikuja bandani kurekodi salamu za sauti, na kanda ikapelekwa na msafiri. Urbani alifunga mlango, akawawashia mashine, akawaacha waseme. Kila mmoja Urbani alimwahidi neno moja: yanayosemwa hapa hayatoki. Salamu zikiharibika, zilirudiwa kwenye kanda nyingine, na kanda ile ya kwanza ilifutwa. Siku ya zawadi, lori lilikuwa likipiga honi nje. Urbani alirekodi nyimbo tatu juu ya kanda iliyokwisha kutumika, akasahau kufuta mwisho wake.

Uani kwa Mzee Cleopa walijaa: shangazi Glorious, majirani, wanakwaya wenzake wa zamani. Wimbo wa kwanza, watu walifumba macho. Wa pili, walipiga makofi pamoja na makofi ya kwenye kanda. Wa tatu, hata mahasimu wa kinanda cha umeme walikubali kwamba zumari ni tamu. Kikafuata kimya kidogo. Kisha sauti ya mwanamke anayelia.

"Mume wangu, mtoto ameanza kutembea, anakuulizia. Nasikia umepata mwanamke wa ziwani. Wanasema unataka kumwoa. Sisi huku umetuacha na nani?"

Mzee Cleopa alinyoosha mkono akazima redio. Hakuna aliyemtazama Edina, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtazama wote. Shangazi Glorious alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Asubuhi yake Edina alikuwa wa kwanza posta.

"Urbani, una mke?"

"Mke? Mke gani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Mwenye mtoto aliyeanza kutembea. Yuko kwenye kanda uliyotuletea, tumemsikia na baba, na shangazi, na nusu ya Mbamba Bay."

Urbani alikuwa ameshaelewa ni kanda gani aliyoituma.

"Edina, nisikilize. Yule ni mteja. Wanakuja hapa kurekodi salamu kwa waume zao. Kanda ilikuwa ya salamu zilizoharibika, lori lilikuwa linanipigia honi, sikuifuta hadi mwisho."

"Na mume wake kwa bahati tu naye anaoa mwanamke wa ziwani?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi mtaje. Nimfuate aniambie mwenyewe, yaishe."

"Siwezi."

"Huwezi au hayupo?"

"Yupo. Lakini wale wanalia mbele yangu, Edina, kwa sababu nimewaahidi. Nimeshamkosea kwa uzembe, maneno yake yamesikika kwenu. Nikiongeza na jina lake, mimi nitakuwa mtu gani?"

"Utakuwa mtu ninayeweza kumwamini!" Edina alifoka. "Mwambie mjomba wako asihangaike na safari."

"Edina..."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema Kalista, kwa unyonge, ingawa hazikuwa zimekwisha.

Hapo mimi nisingependa kumlaumu Edina. Mwanamke aliyeaibishwa uani kwao, mbele ya baba yake, ana haki ya kudai jina. Lakini Urbani naye alikuwa na haki, na watu wawili wenye haki hupata tabu sana kupatana. Banda la kijani likaendelea kurekodi, spika ikakaa kimya. Watu wa stendi waliokuwa wakilalamikia kelele sasa walilalamikia ukimya.

Jumapili ya posa ilipita bila mgeni. Kitenge cha njano kilirudi sandukuni. Siku chache baadaye, Edina akiwa peke yake nyumbani mchana, aliichukua kanda ile. Alitaka kumsikia tena yule mwanamke, ajiumize vizuri, amalize. Maneno yale yalipita, yakafika mahali ambapo baba yake alizima. Edina hakuzima. Mwanamke alilia zaidi, sauti ikapasuka, na nyuma yake, mbali na maikrofoni, akasikia sauti anayoijua.

"Pole, dada. Umekaribia mno, haitasikika. Pumzika kwanza, tutaanza upya kwenye kanda nyingine. Nikuletee maji?"

"Asante, kaka. Nisamehe." Bilauri ikagonga meza. "Kaka, wewe umeoa?"

"Bado, dada. Ila kuna mwalimu mmoja wa Mbamba Bay. Akicheka, mimi nasahau kubonyeza vitufe."

Mwanamke yule alicheka kidogo katikati ya kilio. Kisha kanda ikakatika.

Edina alikaa chini sakafuni. Alilia kwa aibu, akacheka, akalia tena kwa ajili ya yule mwanamke ambaye hakuwa na jina. Baba yake aliporudi kutoka ziwani alimkuta amevaa kitenge cha njano.

"Unakwenda wapi?"

"Mbinga, baba. Nimemkosea mtu. Yule mwanamke ni mteja wake kweli, nimesikia hadi mwisho."

"Ni nani huyo?"

"Hilo, baba, hata mimi sitaki kulijua."

Mzee Cleopa alitundika wavu wake ukutani. "Kesho Jumapili wanaigiza Binti Mfalme kule parokiani Mbinga," alisema. "Lori la dagaa linapanda alfajiri. Mwambie mjomba wake kwamba mlango wangu haujafungwa."

Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Vijana walikuwa wameuandaa mchezo upya, chini ya Mwalimu Luisa, mama mkali ambaye kwaya nzima ilimwogopa kuliko mvua ya mawe wakati wa kahawa kuchanua. Safari hii walichanganya yote mazuri ya zamani: fidla ya kanda ya kwanza, makofi ya ziwani, zumari la Songea. Binti mfalme aliimbwa na Hedwiga, muuguzi mwenye sauti safi, na mpiga zumari alikuwa Romanus, dereva wa pikapu ya kahawa, ambaye hakuna aliyejua kwamba anaweza kuimba mpaka alipofungua mdomo. Watu walikuwa wamekolea. Mwenye kurekodi alikuwa Urbani, amekaa kando ya jukwaa na maikrofoni zake tatu, hedifoni masikioni, macho yamemvimba. Hii ingekuwa kanda ya nne, na aliapa iwe bora kuliko zote, maana kazi ndiyo pekee iliyokuwa imembakia.

Edina alipenya kutoka mlango wa pembeni, vumbi la safari limempaka hadi nyusi, harufu ya dagaa imemganda kwenye kitenge. Alichuchumaa karibu naye. Urbani alishtuka, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kanda inayozunguka.

"Nimesikia mpaka mwisho," Edina alinong'ona.

Urbani akasogeza hedifoni kidogo upande mmoja. "Umesikia nini?"

"Vyote. Na vitufe nimevisikia. Nisamehe, Urbani."

"Jina bado sitalitaja."

"Sikuulizi. Nisingependa uwe mtu wa kulitaja. Usingelitunza la yule, ungetunza vipi langu?"

Urbani alitazama mashine, kwa sababu angemtazama yeye angeshindwa kujizuia. Jukwaani wimbo wa wapendanao ulikuwa umefika kileleni. Romanus alipiga goti, akamwuliza binti mfalme kama atampokea alivyo, bila ng'ombe wala cheo. Pale mtunzi aliweka kimya kabla ya jibu. Fidla zilinyamaza, makofi yakanyamaza, ukumbi mzima ukashika pumzi. Urbani naye, hedifoni imeshamrudia masikioni, aligeuka kumnong'oneza Edina.

Ila mtu mwenye hedifoni hajisikii anavyosema.

"UTAKUBALI KUOLEWA NA MIMI?"

Swali liligonga ukuta wa nyuma likarudi. Vichwa mia tatu viligeuka. Hedwiga alibaki mdomo wazi jukwaani, jibu lake halijatoka. Urbani, kwa kuona nyuso zile, alivua hedifoni taratibu, na rangi ikamwisha usoni.

"Ndiyo," alisema Edina.

Vigelegele vilivyolipuka vilisikika hadi stendi. Kalista wa posta, aliyekuwa mstari wa tatu, alisimama juu ya benchi akilia waziwazi, kwani kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kusikia. Mjomba Bernadi alikuwa akiuliza watu waliomzunguka kama huyo ndiye mwenyewe. Katikati ya shangwe, Mwalimu Luisa aligonga fimbo yake jukwaani.

"Kimya! Mmeniharibia wimbo! Urbani, rudisha kanda nyuma. Tunarudia!"

"Hatutaki!" watu walipiga kelele. "Iachwe hivyo hivyo!"

"Nimesema tunarudia!"

Urbani hakujua amtii nani. Alimtazama Edina. Edina alisimama, akajipangusa vumbi kwenye kitenge chake cha njano, akamwinamia Mwalimu Luisa kwa heshima kama inavyompasa mtoto mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu. Turudie tu. Mimi sina neno."

Wakarudia. Fidla zikapanda, makofi yakaingia, Romanus akapiga goti akauliza swali lake. Kimya kikaja. Hedwiga akafumba mdomo makusudi, akatabasamu, akageuka kumtazama mwalimu wa Mbamba Bay, na ukumbi wote ukageuka naye. Urbani alikuwa ameshusha hedifoni shingoni, mkono wake uko mbali na vitufe.

Edina hakunong'ona tena. Alijaza kifua kama baba yake anavyojaza, akajibu kwa sauti iliyofika kwenye maikrofoni zote tatu.